Muulize Fundi: Dohani kwanza, jiko baadaye

*Jambo Mzee Fundi. Mimi ni mwalimu, nakaa Muhumba, katika nyumba ya matofali ambayo baba mkwe aliinunua zamani. Sebuleni kuna shemine, yaani mahali pa moto ukutani, ya wakati wa Wabelgiji. Tunaiwasha kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, na siku za mvua kali pia, lakini kuni zinakwisha upesi, magoti yanaungua huku mgongo ukibaki baridi, na nguo zote zinanuka moshi. Shemeji yangu aliyeko Liège amepata inseri mbili za mtumba zenye mlango wa kioo, moja ya kilowati 7 na nyingine ya kilowati 14. Bei zake zinakaribiana, na kuna kontena linalokuja. Mume wangu anasema tuchukue kubwa, kwa kuwa sebule ni mita 5 kwa 7 na dari iko juu, mita 3.20. Mimi naogopa kutupa franga. Tuchague ipi?*
*Mama Mwalimu, Bukavu*

Mama Mwalimu, jambo sana. Chukua ya kilowati 7. Lakini tafadhali, mwambie shemeji asipakie kitu chochote kabla mtu hajapanda juu ya paa lenu akaiangalia dohani. Nimejenga na kutengeneza shemine hapa Bukavu miaka arobaini na moja, na karibu kila mara nilipoitwa kuokoa jiko jipya "lisilofanya kazi", jiko lilikuwa zima. Kilichokuwa kibovu ni njia ya moshi, au ni kuni.

Kwa wasomaji wasioijua inseri: ni sanduku la chuma, la fonti (chuma cha kumimina) au la bamba la chuma, lenye mlango wa kioo kinachovumilia moto. Linasukumwa ndani ya shemine iliyokwisha kujengwa, na moto unawaka ndani yake badala ya kuwaka wazi. Faida yake ni kubwa kweli. Shemine ya wazi hutia chumbani sehemu moja tu ya joto katika kumi, ikijitahidi sana moja na nusu. Zilizobaki hupanda na moshi, tena huvuta hewa ya chumba kwenda nayo, ndiyo maana mgongo wako unabaki baridi hata moto ukiwa mkubwa. Inseri nzuri, yenye kuni kavu, hutia saba katika kumi au zaidi, kwa sababu mlango umefungwa na hewa inaingia kwa kipimo unachotaka wewe.

Sasa tuhesabu, maana baba wa nyumba anastahili hesabu na siyo maneno. Kule Ulaya mafundi hukadiria kilowati 1 kwa kila mita 10 za mraba, dari ikiwa mita 2.50. Sebule yenu ni mita 35 za mraba, basi kilowati 3 na nusu. Dari yenu ni ndefu kuliko hiyo, tuongeze: tunafika kilowati 4 na nusu. Na hiyo ni hesabu ya nchi ambako maji huganda nje. Sisi tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari. Usiku wa mwezi wa saba tunajifunika blanketi mbili, lakini barafu hatuijui. Kwa hiyo hata ile ya 7 itawatosha na kubakiza.

Mtu ataniuliza: kuna ubaya gani kuwa na nguvu ya akiba? Ubaya upo, mama. Jiko la kilowati 14 likiwashwa vizuri, baada ya nusu saa sebule inakuwa kama tanuru ya mkate. Mtafanya nini? Mtafunga tundu la hewa. Moto unakosa pumzi, kuni zinavukuta bila mwali, kioo kinakuwa cheusi, na ule moshi mzito unapanda polepole ukigandisha lami ndani ya dohani. Lami hiyo siku moja hushika moto. Nimesikia dohani ikiungua mara mbili katika maisha yangu. Inavuma kama lori linalopanda mlima, na matofali yanapasuka mmoja baada ya mwingine. Jiko dogo linalowaka kwa mwali mkali ni salama kuliko kubwa linalokabwa koo. Kwenye hili sina shaka hata kidogo.

Twende kwenye dohani. Hizi nyumba za Muhumba, Nyawera na za kule La Botte zilijengewa shemine za wazi, na dohani zake ni pana: nyingi nilizozipima ni sentimita 30 kwa 30. Tundu la moshi la inseri ya kilowati 7 mara nyingi lina kipenyo cha milimita 150. Fanya hesabu ya eneo: 900 upande mmoja, 177 upande mwingine. Moshi unaotoka kwenye tundu dogo na kuingia kwenye pango lenye eneo mara tano unapoa, unachoka, unabandika lami ukutani. Dawa yake ni bomba la inoksi (chuma kisichoshika kutu) lililoandikiwa kazi ya kuni, linaloshuka ndani ya dohani ya zamani kutoka kofia ya juu hadi kwenye jiko, kipenyo kile kile mwanzo hadi mwisho. Usikubali fundi akupunguzie kipenyo njiani kwa sababu "ndilo bomba lililopatikana". Na bei ya bomba hilo na kazi yake inaweza kukaribia bei ya jiko la mtumba lenyewe. Iwekeni kwenye bajeti leo, siyo siku kontena litakapofika.

Kosa la kuliacha bomba nalijua kwa sababu nimelifanya mwenyewe. Miaka ishirini na kitu iliyopita nilipachika inseri katika nyumba moja ya ghorofa huku Nyawera. Mwenye nyumba alikuwa na haraka, wageni wanakuja, bomba halijapatikana, na mimi nikakubali kuacha moshi upite kwenye dohani ya matofali kama ilivyo. Msimu wa kwanza walinisifu. Msimu wa pili ukuta wa chumba cha watoto, juu kabisa, ulianza kutoa doa. Nilipoitwa nilikuta maji meusi kama kahawa yanashuka juu ya rangi nyeupe, yananuka kama samaki wa kukaushwa. Niligusa kwa kidole, kikanata. Nilipogonga plasta ikaanguka, na nyuma yake chokaa kati ya matofali ilikuwa imekwisha kuwa unga. Watoto walikuwa wanalala kwenye chumba hicho kila usiku. Tangu siku ile sijakubali tena kazi isiyo na bomba, hata mtu akinilipa mara mbili.

Kwenu fanyeni hivi. Mchana, jua likiwaka, weka kioo cha kujitazamia ndani ya shemine na ukiinamishe. Lazima uone anga. Usipoiona, dohani imezibwa: kuna paa nyingi zilizobadilishwa manjanja (mabati) na mafundi wakafunika dohani moja kwa moja, na nyingine zina viota, na moja pale Nguba niliikuta na mzinga wa nyuki. Kisha jaribio la moshi: washa majani mabichi kidogo chini, mtu mwingine aliye juu aufunike mdomo wa dohani kwa gunia lililoloweshwa, nanyi wengine mzunguke vyumbani na juu ya dari mkiangalia moshi unapochungulia. Msiseme nyumba ni imara. Lile tetemeko la Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 liliacha nyufa kwenye dohani nyingi za mji huu, na nyufa hizo hazionekani kutoka barabarani.

Urefu nao upimwe. Nyumba zisizo na ghorofa huwa na dohani fupi. Mimi hutaka walau mita 4 kutoka juu ya jiko hadi kwenye kofia, na kofia ipite mgongo wa paa kwa sentimita 40, ambayo ndiyo kanuni ya Wafaransa na ni nzuri kuifuata hapa pia. Kwetu hewa ni nyepesi kidogo kuliko kule pwani, kwa hiyo mvuto unapungua kidogo. Usiibe hata robo mita.

Dohani ikishapita mtihani, pimeni mdomo wa shemine: upana wa mbele, upana wa nyuma, urefu wa kwenda juu, na kina. Mama, usisahau upana wa nyuma. Wale mafundi wa zamani walijenga kuta za shemine zikibana kwa ndani ili kurudisha joto, na watu hupima mbele tu. Mimi hukata katoni, naunda sanduku lenye vipimo vile vile vya inseri alivyotuma muuzaji, nalisukuma ndani. Katoni ikikwama kwa vidole viwili, fonti haitaingia kwa nyundo. Na nafasi fulani lazima ibaki kuzunguka jiko ili hewa ya joto ipande na kutoka. Kitabu cha jiko kinaandika ni ngapi.

Shemeji aliyeko Liège ana kazi yake. Mwombe apige picha ya kile kibati cha mtengenezaji kilichopigiliwa ubavuni au nyuma: pale kuna kilowati, na majiko ya aina hii yaliyopimwa Ulaya huandikwa EN 13229. Jiko lisilo na kibati ni yatima, hutajua vipuri vyake wala nafasi linayotaka. Kisha usiku, kwenye giza, aweke taa inayowaka ndani ya jiko, afunge mlango, azunguke. Mwanga ukichungulia kwenye kona au kati ya mabamba, pana ufa au kiungo kimelegea. Abane kipande cha karatasi kwenye mlango na kukivuta, pande zote nne: karatasi ikitoka bila kushikwa, ile kamba nyeupe ya mlango imechoka. Kamba inabadilishwa kwa bei ndogo. Fonti iliyopasuka sitakushauri uinunue. Aangalie pia bamba la juu ndani, lile linalozungusha moto kabla ya kutoka. Likiwa limepinda kama kanda iliyosahauliwa juani, mwenye jiko alikuwa analichochea kupita kiasi, na sehemu nyingine zitakuwa zimeteseka vile vile.

Kama moja ina feni ya umeme na nyingine haina, chukueni isiyo na feni. Umeme wetu mnaujua. Feni ikizimika moto ukiwa mkali, joto linabaki limefungwa kwenye sanduku na chuma kinaumia.

Mambo mawili ya sebuleni kwenu sikuyaona lakini nayahisi. Nyumba hizo huwa na boriti ya mbao iliyopakwa vanishi juu ya shemine, na sakafu ya parke, yaani ya vibao, mbele yake. Boriti ikiwa karibu na mkondo wa hewa ya moto, iondoeni au iwekewe kinga kama kitabu cha jiko kinavyotaka. Mbele ya mlango wekeni jiwe au vigae, sentimita 40 walau, maana kaa moja likianguka usiku juu ya parke halipigi kelele. Na kama mmebadilisha madirisha mkaweka yale ya aluminiamu yanayobana, tobolea ukuta tundu la hewa lenye wavu. Moto unapumua kama sisi.

Mwisho wa yote, usichome kuni mpaka fundi amalize. Moto wa kwanza uwe mdogo, siku tatu nne mfululizo, madirisha wazi. Rangi itanuka. Ni kawaida, itaisha.

*Mzee, mimi ni kijana wa Goma, nyumba yetu ni ya mbao, imejengwa juu ya mawe ya volkano. Nimeona picha za inseri, nimezipenda. Mama yangu ni mgonjwa wa kifua na usiku tunamwekea mbabula, lile jiko dogo la wazi la makala (makaa ya miti), chumbani apate joto. Naweza kuweka inseri nikatumia makala?*

Mwanangu, nianzie mwisho wa barua yako kwa sababu hapo ndipo nilipoogopa. Leo hii, kabla ya usiku, toa hiyo mbabula chumbani kwa mama. Makala yaliyoiva hayatoi moshi, na watu hudhani hayana sumu. Yanatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni, inayoshika damu mahali pa ile hewa nzuri. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, miguu inalegea, na aliyelala haamki. Jirani zangu walifungiwa na mbabula usiku mmoja wa mwezi wa saba. Mlango ulivunjwa asubuhi, wakubwa wakatapika na kupona, mtoto wao alipata fahamu jioni. Nilimbeba mimi hadi kwenye gari. Alikuwa laini kama nguo iliyoloa. Mtu mwenye kifua ndiye wa kwanza kuumia. Mpeni blanketi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, soksi. Mtu akizidiwa na hewa hiyo, mtoeni nje na mumkimbize hospitali, hata kama anasema amepata nafuu.

Inseri kwako haifai. Inseri inataka shemine ya matofali au mawe ya kuingilia, na nyumba ya mbao haina. Kinachoweza kufikiriwa ni jiko la kusimama lenye miguu, likae juu ya sakafu ya jiwe au saruji, mbali na ukuta wa mbao kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibati chake, na bomba lake linapopita kwenye dari na manjanja liwe la kuta mbili lenye kinga ya joto katikati. Bomba la ukuta mmoja likipita kwenye mbao ni moto wa kungojea siku tu. Kama franga za bomba hilo hazijapatikana, ngoja. Nasema hivyo nikijua baridi ya Goma. Mawe yenu ya volkano ni mazuri kwa kutengeneza jukwaa la chini na kinga ya ukuta, ila yasiwekwe ndani ya moto: yana vitundu, yanakunywa maji, na jiwe lililonyonya maji linaweza kupasuka kwa kishindo likipata moto.

Makala ndani ya jiko la kuni, hapana. Jiko limeundwa kwa mwali mrefu wa kuni. Makala huchoma chini peke yake, hula wavu na kutoa ile ile hewa niliyokueleza. Tena mengi yanayouzwa huku kwetu hutoka kwenye misitu ambayo tungepaswa kuilinda. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya zile zilizo hatarini. Kuni za mikaratusi na grevilea zilizopandwa na watu mashambani mwao zinatosha.

*Baba, nina inseri tangu mwaka jana. Kioo kinakuwa cheusi kila siku, nikisafisha asubuhi jioni ni giza. Kuni ni mikaratusi ya Kabare, zimekatwa miezi mitatu. Muuzaji aliniambia ni kavu.*
*Yaya wa Nguba*

Yaya, kuni za miezi mitatu ni mbichi, hata kama ganda limekauka. Mkaratusi ni mti mzito, na kwetu mvua inanyesha tangu mwezi wa tisa hadi wa tano. Upe mwaka mmoja, mwaka na nusu ni bora. Kilo moja ya kuni kavu inatoa joto karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni mbichi, kwa sababu ile mbichi inatumia moto wake kuchemsha maji yaliyo ndani yake. Moto unapoa, na moshi usioungua vizuri ndio unaokuchafulia kioo.

Mkaratusi upasuliwe siku ile ile unapoletwa, bado una maji. Ukiungoja ukauke ndipo uupasue, nyuzi zake zinajisokota na shoka linarudi kama limegonga jiwe. Upange juu ya magogo mawili usiguse udongo, manjanja juu, pande zote wazi upepo upite. Usiufunike na shitingi (turubai) hadi chini, utaota ukungu. Kisha chagua kipande kimoja, kiandike alama kwa chaki, kipime kwenye mizani ya jikoni kila tarehe mosi na uandike uzito kwenye karatasi. Mwezi wa kwanza utaona kinapungua sana, halafu kidogo, halafu mizani itaacha kushuka. Hapo ndipo kimekauka, na wenzake pia. Ukigonga vipande viwili vitalia kama kengele, siyo kama mlango wa mbao.

Kwa sasa nunua kidogo kidogo kuni za grevilea zilizozeeka, zinakauka upesi zaidi, na uache tundu la hewa la juu wazi robo saa ya kwanza kila unapowasha. Mwambie fundi apitishe fagio kwenye bomba kabla ya mwezi wa sita, fagio la nailoni au la inoksi, siyo lile la waya wa chuma linalokwaruza. Kwa kuni hizo mbichi umekwisha kupaka lami nyingi mle ndani. Kioo chenyewe usitafute dawa ya duka: loweka gazeti, lichovye kwenye majivu laini ya juu yaliyopoa, sugua kwa mviringo, halafu pangusa na gazeti kavu.